Kupima kasi ya kuzaliwa kwa nyota kwa eksirei: kutoka data ghafi hadi namba ya mwisho

Galaksi inayozaa nyota kwa wingi hutoa eksirei nyingi. Nyota changa zenyewe huchangia kidogo tu. Sehemu kubwa hutoka kwenye jozi ambamo nyota moja, yenye masi zaidi ya mara 8 hivi ya Jua, inazungukana na mwenzake aliyekwisha kufa na kubaki nyota ya nyutroni au shimo jeusi. Gesi ya ile nyota kubwa huangukia mabaki hayo, hupata joto la mamilioni ya digrii na kung'aa kwa eksirei. Nyota kubwa haziishi sana, kwa hiyo jozi za aina hii, ambazo hapa tutaziita jozi changa, huonekana tu ndani ya miaka milioni 100 hivi tangu nyota zake zizaliwe. Ukijua mng'ao wao wote, unajua nyota ngapi zimezaliwa katika kipindi hicho.

Sababu ya kuchagua njia hii ni vumbi. Mwanga wa urujuanimno na mstari wa hidrojeni wa Hα humezwa na mawingu yaleyale yanayozaa nyota, ila eksirei zenye nishati zaidi ya 2 keV (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati ya fotoni) hupenya karibu zote. Gharama yake ni kwamba galaksi ina vyanzo vingine vingi vya eksirei visivyohusiana na kuzaliwa kwa nyota. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kutoa vyanzo hivyo kwenye jumla, na usahihi wa jibu unategemea ulivyotoa kuliko ulivyopima.

Kabla ya yote: je, galaksi yako inafaa?

Mbali na jozi changa, kila galaksi ina jozi kongwe, ambamo nyota ndogo yenye umri wa mabilioni ya miaka inalisha nyota ya nyutroni au shimo jeusi. Hizi hufuata masi ya nyota zote zilizomo, hata kama galaksi iliacha kuzaa zamani. Kanuni ya Lehmer na wenzake ya mwaka 2010, katika bendi ya 2–10 keV, inaziweka pamoja hivi:

L = (9.05 × 10²⁸ × M) + (1.62 × 10³⁹ × K)

L ni mng'ao kwa erg kwa sekunde, M ni masi ya nyota zote kwa kipimo cha masi ya Jua, na K ni kasi ya kuzaliwa kwa nyota kwa masi za Jua kwa mwaka. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, utapata takriban 5.6 × 10⁻¹¹ kwa mwaka. Huo ndio mpaka wa kuangalia mapema. Ikiwa K/M ya galaksi yako, hata kwa makadirio ya haraka kutoka kipimo kingine, iko chini ya hapo, zaidi ya nusu ya eksirei zake ni za jozi kongwe na jibu lako litakuwa tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Galaksi yetu wenyewe, yenye masi ya nyota karibu 6 × 10¹⁰ na kasi isiyozidi 2 kwa mwaka, iko upande huo mbaya. M82 na galaksi za Antena (NGC 4038 na 4039), zinazozaa kwa kasi kubwa, ziko upande mzuri.

Hatua ya 1: Chagua darubini na muda wa kutazama

Kwa galaksi za karibu, tumia darubini ya eksirei ya Chandra. Inatenganisha vitu vilivyo umbali wa nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), na katika galaksi iliyo megaparseki 10 kutoka kwetu (megaparseki 1 ni miaka ya nuru milioni 3.26) hiyo ni kama parseki 24. Darubini ya XMM-Newton hukusanya fotoni nyingi zaidi, lakini taswira yake ya nukta moja ina upana wa sekunde 6 hivi katikati na mkia mrefu. Katika umbali huohuo ni parseki 300, kwa hiyo jozi kadhaa, gesi moto na kiini cha galaksi huchanganyika kuwa doa moja. XMM inafaa pale unapotaka spektra ya galaksi nzima, au kwa galaksi iliyo karibu mno kama M33. Data za zote mbili ziko wazi kwenye hifadhi zao, na galaksi nyingi mashuhuri zimeshatazamwa, kwa hiyo anza kwa kutafuta kilichopo.

Muda unategemea chanzo hafifu kabisa unachotaka kukiona. Chukua chanzo cha 10³⁸ erg/s katika megaparseki 10. Fluksi yake, yaani nishati inayofika kwetu kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde, ni takriban 8.4 × 10⁻¹⁵. Ingiza namba hiyo kwenye PIMMS, programu inayobadili fluksi kuwa hesabu za fotoni zitakazonaswa na kamera, pamoja na mzunguko wa uangalizi wa Chandra unaohusika. Tuseme imekuambia kwamba hesabu 1 kwa sekunde ni sawa na fluksi ya 2 × 10⁻¹¹. Kutazama kwa sekunde 50,000 kutakupa fotoni 21, ambazo zinatosha kukigundua na kupima mng'ao wake, ila hazitoshi kwa spektra. Usinakili kigezo cha PIMMS kutoka kazi ya miaka ya mwanzo ya Chandra. Uchafu uliojikusanya juu ya kichujio cha kamera ya ACIS umepunguza sana uwezo wake chini ya 1.5 keV, na data ya mwaka 2001 haina kigezo sawa na ya miaka hii.

Hatua ya 2: Safisha data

Katika CIAO, programu ya kuchakata data za Chandra, pakua kwa download_chandra_obsid kisha endesha chandra_repro ili data ipitishwe kwenye vipimo vipya vya kamera. Chora mkondo wa hesabu za usuli kwa muda, baada ya kuficha vyanzo vyote ving'avu, na ukate vipindi vilivyoruka juu ya wastani kwa deflare. Kwa XMM hatua hii haina mjadala: milipuko ya protoni inaweza kula nusu ya uangalizi, na ukiiacha itajifanya gesi moto iliyotapakaa.

Kata nishati iwe 0.5–7 keV. Juu ya hapo usuli wa chembe hupanda wakati kioo cha darubini kinazidi kudhoofika.

Ukiwa na uangalizi zaidi ya mmoja, usiunganishe kabla ya kulinganisha mahali pa vyanzo. Makosa ya mwelekeo kati ya uangalizi na uangalizi huwa sehemu ya sekunde ya tao, kiasi cha kutosha kukigawa chanzo kimoja kuwa viwili. Linganisha kwa wcs_match, rekebisha kwa wcs_update, ndipo uunganishe kwa merge_obs.

Hatua ya 3: Tafuta vyanzo

Tengeneza taswira na ramani ya muda kwa fluximage, na ramani ya ukubwa wa nukta kwa mkpsfmap, kisha endesha wavdetect ukitumia vipimo vya 1, 2, 4, 8 na 16. Kizingiti cha 10⁻⁶ kwenye taswira ya pikseli 1024 × 1024 maana yake ni chanzo kimoja cha uongo hivi kwa taswira nzima. Hicho kinavumilika. Ukilegeza hadi 10⁻⁵ utapata kumi, na katika galaksi ndogo kumi ni wengi kuliko vyanzo vya kweli.

Ramani ya ukubwa wa nukta si ya kuruka. Chandra ina makali yake karibu na mhimili tu. Dakika chache za tao pembeni, nukta hutanuka hadi sekunde kadhaa na kupata umbo la yai. Pasipo ramani hiyo, wavdetect huvunja chanzo cha pembeni vipandevipande.

Angalia pia vyanzo ving'avu mno. ACIS husoma picha kila sekunde 3.2 katika hali ya kawaida, na fotoni mbili zikiangukia mahali pamoja kabla ya kusomwa huhesabiwa kama moja yenye nishati ya jumla. Chanzo kikifikia fotoni 0.1 kwa kila picha, tatizo limeshaanza: mng'ao unaopimwa unapungua na spektra inakuwa ngumu kuliko ilivyo. Kwa kuwa vyanzo ving'avu ndivyo vinavyobeba jumla, kosa kwenye kimoja linaharibu hesabu nzima.

Hatua ya 4: Ondoa wasiohusika

Chora duaradufu ya galaksi, kwa kawaida ile inayofuata mwanga wake wa nje katika bluu au katika infraredi ya karibu. Vyanzo vya nje weka kando. Vya ndani vichunguze mmoja mmoja kwa mpangilio huu.

Kiini kwanza. Kama katikati kuna shimo jeusi kubwa linalomeza gesi, mng'ao wake unaweza kuzidi jozi zote kwa pamoja. Mstari wa chuma wa 6.4 keV, spektra ngumu iliyozibwa na gesi nzito, au mng'ao unaozidi 10⁴² erg/s ni dalili za wazi. Ficha kiini hicho, na kumbuka kuficha pia eneo lilelile unapokokotoa masi ya nyota. Hata hivyo usifiche kila kilicho katikati kwa mazoea. Chanzo king'avu kuliko vyote katika M33, kiitwacho X-8, kiko kwenye kiini hasa, na M33 haina dalili ya shimo jeusi kubwa. Hicho ni jozi. Hapo uamuzi mmoja tu, kukiacha au kukiondoa, unabadilisha jibu la galaksi nzima.

Pili, galaksi za mbali zilizo nyuma. Mashimo meusi yao huonekana kupitia galaksi yako kama vyanzo vya kawaida. Hutaweza kuyatambua yote, hivyo fanya hesabu ya kitakwimu: chukua mkunjo wa idadi ya vyanzo kwa fluksi kutoka tafiti za kina kama Chandra Deep Field South, zidisha kwa eneo la duaradufu yako, kisha toa mchango wao. Ukiwa na picha za Hubble, vyanzo vyenye galaksi ndogo nyekundu mahali palepale viondoe kwa jina.

Nyota za galaksi yetu zilizo mbele ni rahisi: zina spektra laini na nyota angavu inaonekana wazi kwenye picha ya kawaida.

Hatua ya 5: Kutoka hesabu hadi mng'ao

Endesha srcflux kwa vyanzo vilivyobaki. Itapima hesabu ndani ya duara linalokusanya asilimia 90 ya fotoni, itatoa usuli wa pembeni na, ukiiagiza kwa kigezo cha psfmethod, kurekebisha asilimia 10 zilizokosekana. Kwa modeli tumia mkunjo wa kanuni ya nguvu wenye kielezo cha 1.7 hadi 2, uliozibwa na hidrojeni ya galaksi yetu kutoka ramani ya HI4PI. Vyanzo vyenye fotoni zaidi ya 100 hivi vipatie spektra zao kwa specextract na uvilinganishe na modeli katika programu ya Sherpa au XSPEC, ukitumia takwimu ya Cash. Khi-mraba kwenye fotoni chache hupotosha.

Mng'ao ni 4πD² mara fluksi, D ikiwa kwa sentimita. Megaparseki 1 ni 3.086 × 10²⁴ cm. Kosa la asilimia 10 kwenye umbali ni asilimia 20 kwenye mng'ao.

Angalia bendi. Kazi moja hutumia 0.5–8 keV na nyingine 2–10. Kwa kielezo cha 1.8 bila kizuizi cha gesi, mng'ao wa 2–10 ni 0.68 ya ule wa 0.5–8. Kuchanganya kanuni ya bendi moja na mng'ao wa bendi nyingine ndilo kosa linalojirudia zaidi katika hesabu hizi, na halionekani kwa sababu jibu hubaki la kuaminika kwa macho.

Hatua ya 6: Rudisha visivyoonekana, ondoa gesi

Jozi changa hugawanyika kwa mng'ao kwa kufuata kanuni ya nguvu yenye mteremko wa 1.6 hadi karibu 10⁴⁰ erg/s. Kwa kuwa mteremko huo ni mdogo kuliko 2, vyanzo hafifu ni vingi lakini vinachangia kidogo. Ukikokotoa, vyanzo vilivyo chini ya 10³⁸ vinabeba asilimia 16 ya jumla. Kama uangalizi wako unaishia hapo, zidisha jumla kwa 1.19. Ukiishia 10³⁷, kilichobaki ni asilimia 6.

Gesi moto ni jambo jingine. Supanova na pepo za nyota kubwa hupasha gesi hadi 0.2–0.7 keV, na mwanga wake umetapakaa chini ya 2 keV. Nayo inafuata kuzaliwa kwa nyota, lakini hutegemea msongamano wa gesi na kiasi kinachozibwa ndani ya galaksi, hivyo ni kipimo kibovu zaidi. Njia safi ni kufanya hesabu ya mwisho katika 2–10 keV, ambako gesi hiyo haifiki. Ukilazimika kutumia bendi laini, weka modeli ya apec (ya gesi moto) pamoja na kanuni ya nguvu na uhesabu ile ya pili peke yake.

Hatua ya 7: Kokotoa

Chukua galaksi ya mfano iliyo megaparseki 10, yenye masi ya nyota 2 × 10¹⁰ (iliyopatikana kwa mwanga wa infraredi ya karibu), na fluksi ya 2–10 keV ya 5 × 10⁻¹³ baada ya usafi wote. Mng'ao ni 6.0 × 10³⁹. Jozi kongwe ni 9.05 × 10²⁸ × 2 × 10¹⁰, yaani 1.8 × 10³⁹. Kinachobaki, 4.2 × 10³⁹, gawanya kwa 1.62 × 10³⁹: kasi ni 2.6 masi za Jua kwa mwaka. Bila kutoa jozi kongwe ungepata 3.7.

Mtawanyiko wa kanuni hii ni 0.34 kwa logi ya msingi wa 10, yaani mara 2.2 juu au chini. Jibu la uaminifu ni kati ya 1.2 na 5.6, hata kama fluksi umeipima kwa usahihi wa asilimia 3.

Galaksi ndogo zina sheria yake

Sehemu kubwa ya mtawanyiko huo si kosa la kupima. Rudi kwenye mteremko wa 1.6: karibu asilimia 60 ya mng'ao wote wa jozi changa hutoka kwa vyanzo vinavyozidi 10³⁹ erg/s, na kwa kila masi 1 ya Jua kwa mwaka hutarajiwa vyanzo 0.6 tu vya namna hiyo. Sasa chukua galaksi yenye kasi ya 0.5. Inatarajiwa kuwa na vyanzo 0.3 vya aina hiyo, na uwezekano wa kutokuwa na hata kimoja ni asilimia 74. Galaksi tatu kati ya nne za kasi hiyo zitaonekana hafifu kuliko kanuni inavyosema, na moja, iliyobahatika kuwa na chanzo kikali, itaonekana kama inazaa mara kadhaa zaidi. Gilfanov na wenzake walilieleza hili mwaka 2004: chini ya masi 4 au 5 za Jua kwa mwaka, mng'ao unaotarajiwa sana haulingani na wastani.

Vyanzo vikali vyenyewe pia hubadilika. M82 X-2, ambayo mwaka 2014 darubini ya NuSTAR ilionyesha kuwa ni nyota ya nyutroni inayodunda, hupanda na kushuka mno kati ya uangalizi mmoja na mwingine.

Kwa galaksi ndogo, hesabu vichwa badala ya kujumlisha mng'ao. Kutoka mgawanyo uleule, kwa kila masi 1 ya Jua kwa mwaka tarajia jozi changa 3 hivi zinazozidi 10³⁸, au 12 zinazozidi 10³⁷. Toa jozi kongwe, ambazo ni kama 14 zinazozidi 10³⁷ kwa kila masi 10¹⁰ za nyota, na galaksi za nyuma. Kosa litakuwa mzizi wa idadi uliyohesabu kabla ya kutoa, lakini angalau utalijua.

Metali na umbali wa mbali sana

Galaksi yenye metali chache (elementi nzito kuliko heliamu) hutoa eksirei zaidi kwa kasi ileile ya kuzaa. Pepo za nyota zake ni dhaifu, hivyo nyota hubaki na masi kubwa na mashimo meusi huwa mazito. Kanuni ya Brorby na wenzake ya 2016, kwa 0.5–8 keV, ni logi(L/K) = 39.49 − 0.59 × (Z − 8.69), Z ikiwa 12 + logi(O/H). Galaksi yenye sehemu ya kumi ya oksijeni ya Jua itang'aa karibu mara 4 zaidi, na ukitumia kanuni ya kawaida utaipa kasi mara 4 ya ile ya kweli. Tafuta kipimo cha oksijeni kabla ya kutangaza galaksi kibete kuwa kiwanda cha nyota.

Kwa galaksi za mbali sana mambo mawili hubadilika. Rekebisha mng'ao kwa (1+z)^(Γ−2), z ikiwa mhamo mwekundu (kiasi ambacho mwanga umenyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu) na Γ kielezo cha spektra, na ukubali kwamba uwiano wa jozi changa kwa kasi hukua takriban kama (1+z)^1.3; kwa z = 1 ni mara 2.5. Galaksi moja huko haitoi fotoni za kutosha, kwa hiyo hupangwa nyingi juu ya moja kwa mahali pake na kupimwa wastani. Ondoa kwanza kila iliyogunduliwa peke yake na inayozidi 10⁴², maana kiini kimoja kikali kinaweza kuubeba wastani wa galaksi mia.

Unapoandika jibu

Taja bendi, umbali, kanuni uliyotumia na mgawanyo wa awali wa masi za nyota, yaani dhana ya nyota ngapi za kila masi huzaliwa. Kanuni ya Mineo na wenzake ya 2012, yenye 2.61 × 10³⁹ kwa 0.5–8 keV, imejengwa juu ya mgawanyo wa Salpeter. Ile ya Lehmer ya 2010 juu ya wa Kroupa. Kasi ya Salpeter zidisha kwa 0.67 hivi kupata ya Kroupa. Weka pia hesabu ya kabla ya kutoa, masi ya nyota, na orodha ya vyanzo ulivyoviondoa pamoja na sababu ya kila kimoja. Ukilinganisha na Hα, usishangae tofauti: Hα huona miaka milioni 10 ya mwisho, urujuanimno huona hadi 100, na jozi changa ziko katikati. Galaksi iliyoacha kuzaa miaka milioni 30 iliyopita itakuwa gizani kwa Hα huku eksirei zake bado zikiwa juu.